Ekzosi Chini ya Sanduku

Mdogo wangu alipoanza kuchumbia, jambo la kwanza ambalo mama wa binti alimwambia halikuhusu dini, wala kabila, wala kazi. Lilihusu ekzosi ya pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa yetu sote wawili. Mimi ni fundi wa nguo. Wakati huo, mwaka 2015, nilikuwa nashona sebuleni kwenye fleti yetu ya Joubert Park, kando ya bustani, cherehani dirishani, vitambaa mpaka juu ya friji. Wateja wangu walikuwa wametawanyika mji mzima: sare za kwaya kwa Wakongo wa Yeoville, magauni ya harusi Soweto, makoti ya watoto kwa mama mmoja Mkenya wa benki ambaye hakuwahi kunikuta na koti liko tayari. Mdogo wangu alikuwa ameacha kazi ya ulinzi, na mimi nilikuwa nimechoka kubeba mifuko kwenye taxi, yale mabasi madogo ya abiria. Tukanunua pikipiki kuukuu kwa Mmalawi aliyekuwa anarudi kwao. Tukaifunga masanduku ya plastiki, mawili ubavuni, kulia na kushoto, na moja kubwa nyuma lenye kufuli. Mdogo wangu akawa anapeleka nguo, mimi nikabaki kushona, na maisha yakaanza kuwa na nafasi ya kupumua.

Ekzosi ilipita chini upande wa kulia, kama kwenye pikipiki nyingi. Ilikuwa fupi na nyembamba, kwa hiyo sanduku la kulia lilikaa juu yake bila ugomvi. Tatizo ni kwamba ilikuwa imeoza kwa kutu. Sailensa ilikuwa jina tu. Ndani hamkubaki kitu. Ukiwasha ile pikipiki, mbwa wa mtaa mzima walikuwa wanajibu. Mimi sikujali. Kusema kweli niliizoea, na nikafika mahali nikaitumia kama saa ya jikoni. Nikisikia inakata kona ya bustani, nainjika maji ya ugali. Maji yakichemka, mdogo wangu anaingia mlangoni.

Binti aliyempenda alikuwa msusi, na alikuwa anakaa na mama yake Rosettenville, kusini mwa mji. Watu wa Bukavu, Kongo, kama sisi, ila kule nyumbani hatukufahamiana. Baba yake alikuwa amefariki. Mama alikuwa anafanya usafi wa usiku kwenye maofisi ya mjini, na mchana ndio usiku wake. Jengo lao limezunguka ua wa matofali, na sauti ikiingia mle haipati pa kutokea. Mdogo wangu alikuwa anapita pale mchana akimaliza kupeleka nguo, anaingia uani na mngurumo wake, na vioo vya madirisha vinatetemeka ghorofa zote.

Siku moja yule mama alishuka ngazi na kanga ya kulalia, macho mekundu. Akamwambia, bila hata kupandisha sauti:

"Baba, miye usiku siko nalala. Ukikuya na ile kitu, moyo yangu inaruka. Mwenye anataka mutoto yangu, akuye polepole."

Aliponisimulia nilikasirika. Nilisema huyo mama anajiona nani, mji huu una ving'ora, una taxi zinazopiga honi tangu alfajiri, una watu wanaohubiri kwa vipaza sauti chini ya dirisha, na yeye kelele anayoisikia ni ya mdogo wangu peke yake. Mdogo wangu hakubishana. Ni mtu wa kichwa kigumu kimyakimya. Alikwenda kwenye duka la vyuma chakavu akarudi na sailensa ya pikipiki kubwa, ndefu kama mkono wangu na nene kama paja, akaipangusa mezani kwangu, juu ya gauni la mteja.

Alipoijaribu upande wa kulia, ilijaza ubavu wote. Sanduku la kulia likakosa pa kukaa.

"Nitalitoa," akasema.

"Ukitoa sanduku, magauni nitayaweka wapi? Kichwani?"

"Dada, yule mama hanipi mtoto wake na zile kelele."

"Na mimi sikupi chakula bila lile sanduku."

Ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Msije mkadhani nilimwonea. Lile sanduku ndilo lililokuwa linabeba sare za kwaya nzima bila kukunjamana. Yeye alikuwa amebanwa kati ya wanawake wawili, mmoja anataka kimya, mwingine anataka nafasi, na akaamua kuwaridhisha wote wawili kwa kutumia akili ya nyumbani.

Bukavu mvua ikinyesha, barabara inakuwa supu ya udongo. Mafundi wa kule hupandisha ekzosi juu, inapita chini ya kiti na kutokea nyuma, ili isinywe maji. Sote tumekua tukiziona pikipiki za hivyo. Juu ya lile bomba hukaa kitanda cha vyuma, na juu ya kitanda magunia ya makaa, mihogo, ndizi, hata mbuzi aliyefungwa miguu. Hakuna gunia la mihogo lililowahi kulalamika kuwa lina joto. Upepo unapita huku na huku, na ukifika unashusha mzigo.

Mdogo wangu akafanya hivyohivyo. Akaipandisha ile sailensa nene juu, ikalala chini ya sanduku la nyuma. Ubavu wa kulia ukabaki wazi kwa sanduku langu. Katikati ya sailensa na sanduku akaweka bati zito, akalikaza kwa bolti mpaka halitikisiki hata ukilipiga teke. Alijivunia sana lile bati. Alinionyesha kila bolti. Hakuacha hata nafasi ya karatasi kupita kati ya bati na bomba, na mimi, mjinga mwenzake, nikamsifu kwa kubana vizuri.

Na kweli, kelele zilikwisha. Siku ya kwanza nilikuwa nimeinama kwenye cherehani, nikainua macho, nikamwona amesimama mlangoni na kofia ya chuma mkononi. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sikuwa nimesikia chochote, si kona, si ngazi, si mlango. Maji ya ugali hayakuwa jikoni. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kushtushwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na jioni nikawa nachungulia dirishani kama mwenda wazimu, kwa sababu masikio yalikuwa hayana kazi tena.

Wiki moja akarudi na kioo cha pembeni kimening'inia. Taxi ilikuwa imehama njia ghafla pale karibu na stesheni, ikampitia.

"Hawanisikii," akasema, akicheka cheka. "Zamani walikuwa wanageuka kutukana. Sasa hata kunitukana hawanitukani."

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kitu kingine tulichokiona, tukakifurahia, kilikuwa chakula. Kulikuwa na mama mmoja Mkongo aliyekuwa anapika sombe, yale majani ya mihogo, na maharage, na mdogo wangu akipita kwake ananiletea bakuli kwenye sanduku la nyuma. Zamani lilifika limepoa. Sasa lilikuwa linafika moto, mvuke unatoka nikifungua. Nikamwambia hilo sanduku limebarikiwa. Tulikula sombe ya moto wiki nyingi, na hakuna kati yetu aliyejiuliza moto unatoka wapi.

Basi siku ya mahari ikafika, Jumamosi.

Kwetu, kama nilivyofundishwa na mama yangu, vitu vya mahari vinawekwa kwenye valizi, begi la safari, na mpangilio wake una maana. Juu zinakaa nguo za anayesimama badala ya baba, kisha vitambaa vya kichwa, kisha vitu vidogovidogo vya heshima. Chini kabisa kinakaa kikwembe, yaani kitenge, cha mama wa binti. Kinatoka mwisho, wakati watu wote wametulia, kwa sababu ndicho kinachoushukuru mgongo uliombeba mtoto. Valizi ikishafungwa, mtu wa upande wetu haruhusiwi kuifungua tena. Inafunguliwa na upande wa binti, mbele ya wote. Na bwana harusi hasemi neno. Amekaa, anatazama chini, wanamsemea. Akifungua mdomo siku hiyo, wanasema huyo atampigia mke wake makelele.

Kikwembe nilikichagua mwenyewe, mtaa wa Mayfair, kwa Msomali ninayenunua kwake vitambaa. Superwax halisi, bluu ya usiku na maua ya njano, kile ambacho ukikikunja kinasimama. Nilikikunja kwa mikono yangu, nikakilaza chini ya valizi, nikapanga vingine juu, nikafunga zipu, nikafunga utepe. Nilijisikia kama mama yetu yuko chumbani ananitazama na ameridhika.

Wageni wa upande wetu tulikuwa tumekodi gari moja, na lilijaa mashemasi wa kanisa na makreti ya soda. Mdogo wangu akasema valizi ataibeba yeye, kwenye sanduku lenye kufuli, maana garini watu wanavunja vioo kwenye robot, zile taa za barabarani, na kunyakua chochote wanachokiona kitini. Nikasema sawa. Ilikuwa akili nzuri kabisa.

Siku hiyo umeme ulikuwa wa mgao, na robot zote kutoka mjini hadi kusini zilikuwa zimezima. Magari yalikuwa yanatambaa, yanasimama, yanatambaa. Sisi tulichelewa, naye alichelewa, amevaa suti yake katikati ya msururu, injini inawaka na pikipiki haiendi. Alipofika uani, tulikuwa tumeshasimama mlangoni tukimsubiri. Alifungua kufuli, akavuta valizi, ikanasa kidogo, akaivuta kwa nguvu ikatoka. Uani jirani alikuwa anachoma nyama, moshi umetanda kila mahali. Kama kulikuwa na harufu nyingine, hatukuijua. Tukapanda ngazi tukiimba.

Sebule yao ilikuwa imejaa. Mama wa binti alikaa kwenye kiti cha kona, kimya, mikono mapajani. Aliyeongoza upande wao alikuwa shangazi wa binti, dada ya marehemu baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Binti mwenyewe alikuwa amefungiwa chumbani, asionekane mpaka aitwe. Sisi msemaji wetu alikuwa shemasi mmoja wa kanisa letu, mtu mwema, ila anapenda kusikia sauti yake mwenyewe.

Shangazi alifungua utepe. Akatoa nguo, akaziinua, watu wakapiga vigelegele. Akatoa vitambaa vya kichwa, vigelegele tena. Nilikuwa nasubiri kikwembe. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti kama mtoto.

Akaingiza mkono chini, akasimama kidogo. Akavuta. Kilikuja kwa shida, kama kimeshikwa na kitu, halafu kikatoka, na akakikung'uta kwa mikono yote miwili ili watu wakione chote.

Kwanza niliona mwanga wa dirisha ukipita mahali ambapo haukupaswa kupita. Kulikuwa na tundu refu, kingo zake nyeusi. Akashusha mkunjo wa pili, tundu jingine, palepale, dogo zaidi kidogo. Mkunjo wa tatu, jingine. Wa nne haukutoboka, ulikuwa na doa la kahawia, na doa likafuatwa na doa, yakazidi kufifia mpaka mwisho wa kitambaa. Majivu meusi yakadondoka kwenye zulia.

Nilipigwa na butwaa. Sijui niseme vipi. Nimeona nguo zikiharibika maisha yangu yote, ni kazi yangu, lakini si hivi. Mikono yangu ndiyo iliyokikunja kile kitambaa asubuhi ile kikiwa kizima. Nilikitazama na bado sikuamini kuwa ndicho.

Shangazi aliongea polepole, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

"Hii njo kikwembe munaletea mama? Kikwembe ya kuungua? Muko natuambia nini? Ati mugongo yenye ilibeba huyu mutoto iko na matundu?"

Nikamwangalia mdogo wangu. Alikuwa amekodoa macho, rangi imemtoka, mdomo umefunguka. Nikaona kwamba ameelewa, ameelewa yote kwa mara moja, na nikaona pia akiufunga mdomo. Haruhusiwi kusema. Jasho lilimtiririka shingoni likaingia kwenye kola niliyoishona mimi.

"Shangazi," akaanza shemasi wetu, "tunaomba musamehe. Ni kosa ya kawaida. Dada yake huyu njo fundi wa kushona. Labda alisahau pasi juu."

Pasi! Mimi! Nilihisi damu ikipanda mpaka kwenye masikio. Lakini wanawake wa upande wetu hatusemi ila kupitia msemaji, na msemaji ndiye huyo aliyekuwa amenitupa shimoni.

"Kama ni pasi ao ni shetani, ile si mambo yetu," shangazi akasema. Akaanza kurudisha vitu ndani ya valizi, kimoja kimoja. "Mubebe valizi yenu."

Kila Mkongo aliyekuwa mle alijua maana yake. Valizi ikirudishwa siku ya mahari, mwanamume harudi kwenye mlango ule. Hakuna kuomba upya mwezi ujao. Imekwisha. Ukutani, upande wa chumbani, nikasikia binti akilia, kilio cha kuziba mdomo kwa mto.

Mdogo wangu alikuwa anatazama zulia, na bega lake lilikuwa linatetemeka. Huyu mtoto tulikimbia naye kutoka nyumbani, nikavuka naye mipaka nimemshika mkono, sijawahi kumwona analia tangu akiwa mdogo. Ningekaa pale nikatazama? Nilisimama.

"Miye niunguze kikwembe?" nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Miye nakaa na pasi tangu nizaliwe! Mukuye chini. Wote mukuye. Mutaona moto ilitoka wapi."

"Mama, kaa," shemasi akaninong'oneza.

"Sikai!"

Nikaichukua valizi mikononi mwa shangazi, nikaigeuza juu chini mbele ya macho yao. Kitako chake kilikuwa kimeyeyuka, kimejikunja, na vipande vya plastiki ya rangi nyingine vimeganda juu yake. Nilishtuka tena kwa kuona, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakisia tu. Shangazi akakigusa kwa kidole. Kisha akachukua kile kikwembe, akakibana kwapani, akaelekea mlangoni, na watu wakamfuata.

Tulishuka ngazi katika hariri na suti zetu, kama msafara wa mazishi. Uani jirani na nyama zake aliacha kugeuza akatutazama. Mdogo wangu akafungua sanduku la nyuma. Harufu ya plastiki iliyoungua ilitupiga usoni. Chini, mahali pa sakafu ya sanduku, kulikuwa na shimo refu, na ndani ya shimo ukaona lile bati lake la fahari, limegeuka rangi ya zambarau kwa joto.

Shangazi aliinama akatazama. Akatazama bomba chini ya bati.

"Nani anawekaka moto chini ya sanduku?" akauliza. "Vraiment, ni nani?"

Bwana harusi hakujibu. Nikajibu mimi.

"Ni juu ya kelele, shangazi. Mama hapa alimwambia akuye polepole. Akatafuta sailensa kubwa. Upande haiingie, kwani ule upande njo unabeba nguo zangu. Akaiweka huku juu."

"Na iliacha kelele?"

"Kabisa."

Alikuwa na sura ya mtu asiyeamini. Akamgeukia mdogo wangu, akamwonyesha kwa kidevu.

"Washa."

Mdogo wangu akageuza ufunguo, akabonyeza. Tukasubiri.

"Nimesema washa."

"Imeshawaka, shangazi," nikasema.

Aliweka mkono juu ya kiti, kisha akauondoa haraka kama ameumwa na kitu. Alitutazama wote, mdomo wazi. Watu wakasogea. Mmoja mmoja wakaanza kugusa kile kiti, wakisikia kwa viganja kitu ambacho masikio yalikuwa hayakipati, na minong'ono ikasambaa ua mzima. Shemasi wetu aligusa mara mbili.

Ndipo mama wa binti akapita katikati ya watu. Alikuwa hajasema neno tangu tufike. Aliweka kiganja chake juu ya kiti na hakukiondoa. Alikaa hivyo muda, pikipiki ikitetemeka chini ya mkono wake.

"Unakuyaka hivi kila siku?" akamwuliza mdogo wangu.

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa.

"Njo maana sikusikia. Miye nilikuwa najiambia, mbele mulete neno ya mahari, huyu kijana amechoka na mutoto yangu, hakuyake tena. Nilikuwa namusikilia huruma mutoto. Kumbe unaingia na miye niko nalala."

Akanyoosha mkono kwa shangazi, akadai kikwembe. Shangazi alisita, kisha akampa. Yule mama akakizungusha kiunoni juu ya gauni lake la sherehe, na tundu moja likaangukia pajani, jingine nyonga, ukaona gauni jeupe kupitia yale matundu. Akakifunga fundo. Nilitaka kulia na nilitaka kumwomba nikirekebishe, vyote pamoja.

"Nimepokea," akasema. "Valizi irudi juu."

Watu wakapiga vigelegele mpaka ua ukalia. Mdogo wangu alijishika kwenye usukani wa pikipiki ili asianguke. Mimi nilidhani tumemaliza, nikaanza hata kumtafuta shemasi kwa macho, nimlipe ile pasi yake. Lakini mama aliinua mkono, vigelegele vikakatika.

"Ila iko kitu moja. Baba, hiyo makelele yako, irudishe."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nadhani kila mtu alifikiri hivyo. Shangazi akasema, "Uiache, dada, si ni wewe uliikatala?"

"Niliikatala, ni kweli. Wakati ule mutoto yangu alikuwa analala kwangu." Alikuwa bado anamtazama mdogo wangu, si sisi. "Sasa utamubeba pale nyuma. Taxi za huku haziangalie mutu. Kama haziangalie, zisikie. Na miye nisikie. Nisikie mukitoka na nisikie mukifika. Hii kimya yako inaniogopesha."

Hakuna aliyecheka. Nikakumbuka kioo kilichokuwa kinaning'inia, na nikakumbuka jinsi mdogo wangu alivyosema hawanisikii, nami nikacheka naye nikiwa na kijiko cha sombe mkononi. Nikaegemea ukuta wa matofali, na ukuta ulikuwa wa moto kwa jua.

Wiki ileile ekzosi ya zamani ilirudi chini, upande wa kulia. Lakini safari hii fundi aliyeifunga aliiweka kwa upana zaidi na kuizungushia kinga, kwa hiyo sanduku langu la kulia likaondoka moja kwa moja. Nilinung'unika, ndiyo. Sare za kwaya zikaanza kufika zimekunjamana, pikipiki ikawa inalalia kushoto kwa uzito, na wateja wakasema nimeshuka kiwango. Shangazi naye hakukubali mambo yaishe hivihivi. Alidai kikwembe kingine, kizima, na tulikipeleka kwa gari, nikiwa nimekipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Mwaka uliofuata nilikwenda Rosettenville mchana mmoja kumpima yule mama gauni la kanisani. Alikuwa ametoka kazini asubuhi na hajalala. Nilimwambia apumzike kwanza, vipimo vinaweza kungoja, maana hata mdogo wangu na mke wake walikuwa njiani kuja. Akajilaza kwenye kochi. Alijifunika kile kikwembe chenye matundu. Kile kizima kilikuwa kabatini, sijawahi kumwona amekivaa. Alifumba macho, lakini niliona kope zikicheza. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Akauliza ni saa ngapi. Baadaye akauliza tena.

Kisha mbwa wa mtaa wakaanza kujibu. Mngurumo ukaingia uani, ukagonga matofali, ukapanda ghorofa zote, na glasi zikalia kabatini. Nilishtuka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Nikamgeukia yule mama nimwombe msamaha kwa niaba ya ukoo wetu.

Alikuwa ameshusha pumzi ndefu, amevuta kikwembe mpaka sikioni, na amelala. Hakuwa anajifanya. Alikuwa anakoroma. Kule chini pikipiki ilikuwa bado inanguruma, mdogo wangu akiigeuza aiegeshe, na yeye hakutikisika hata kidole. Walipogonga mlango, ilibidi nikafungue mimi.